Swali Likiachwa Nje: Somo la Mahojiano na Waandishi, Kutoka Kabambare

Katika tasnifu zetu nyingi mahojiano na mwandishi hutumika kama chumvi. Mwanafunzi humaliza uchambuzi wake wa riwaya au diwani, kisha mwishoni hunyunyiza sentensi mbili tatu ambazo mwandishi alimwambia mtu fulani, mahali fulani. Sentensi hizo huwa za jibu. Swali lililozaa jibu hilo halinukuliwi, na mara nyingi hata jina la aliyeuliza halimo. Nimesoma tasnifu za namna hiyo za kutosha. Shabaha ya makala haya ni kuwashawishi wanafunzi wenzangu, na walimu wetu pia wakiniruhusu, kwamba jibu lililotenganishwa na swali lake ni matini iliyokatwa nusu, na kwamba sisi watu wa lugha tungepaswa kuwa wa kwanza kuliona hilo.

Mifano yangu naitoa kusini mwa Maniema, katika teritwari za Kasongo na Kabambare. Mimi ni mzaliwa wa Kabambare, lakini hiyo siyo sababu kubwa. Eneo hili, ambalo watu wa miji mikubwa hulitaja kama mwisho wa barabara, lilipitiwa na waulizaji na waulizwaji tangu karne ya 19, na vitabu vilivyotokana na maswali yao bado vinasomwa duniani. Tunaweza kuvifungua na kutazama nani aliuliza, aliuliza nini, na swali lake liliishia wapi.

Nianze na neno lenyewe, maana limebeba mengi. Kitenzi kuhoji ni ndugu wa nomino hoja. Askari huhoji, mwanahabari huhoji, mwanasheria huhoji. Mwenye kazi ya kutoa yeye husaili. Kwetu Kabambare ukitangaza kwamba umekuja kumhoji mzee wa watu, wanawe watatoka nyumbani kuuliza baba yao ana kesi gani. Ndiyo maana wengi wetu, tukienda uwanjani, tunajificha nyuma ya neno laini zaidi, mazungumzo. Silikatai neno hilo, ila nalibakisha lile la kwanza kwa sababu ya undugu wake na hoja. Anayehoji anakwenda na hoja yake, apende asipende. Hata akisema amekwenda kusikiliza tu, uchaguzi wa jambo la kusikiliza tayari ni hoja. Kuificha hoja hiyo hakuiondoi. Kunamnyima msomaji nafasi ya kuipima.

Na "ya kina" maana yake nini? Si urefu wa saa. Mahojiano ya dakika 40 yaweza kuwa ya kina, na ya siku tatu yakawa ya juujuu. Chukua mfano wa Abdilatif Abdalla wa Mombasa. Kila mwanafunzi wa ushairi anajua kwamba alifungwa baada ya kijitabu cha Kenya Twendapi? cha mwaka 1968, kwamba mashairi ya Sauti ya Dhiki aliyatunga gerezani kati ya 1969 na 1972, kwamba aliyaandika kwenye karatasi za chooni, na kwamba diwani ilitoka 1973. Ukimwendea mshairi huyo na kumwuliza habari za karatasi za chooni, utarudi na simulizi ambayo ulikuwa nayo kabla hujaondoka nyumbani. Lakini ukiwa umeisoma diwani vizuri, utajiuliza kwa nini mtu aliyeipinga serikali mpya ya nchi yake hakuvunja hata kidogo sheria za vina na mizani walizomwachia wahenga, na kwa nini alishika Kimvita wakati angeweza kuandika Kiswahili sanifu cha shuleni. Swali hilo haliwezi kuulizwa na mtu ambaye hajasoma. Kwangu hicho ndicho kina. Swali liwe limetoka ndani ya kitabu, na mwandishi alisikie hivyo.

Sasa nije Kabambare. Katika ramani na vitabu vya Waingereza wa karne ya 19 mji wetu unaitwa Bambarre. David Livingstone alifika hapo Septemba 1869, baada ya kuvuka Ziwa Tanganyika na kufuata njia ya wafanyabiashara kuelekea Lualaba. Alitoka, akarudi, na tangu Julai 1870 hadi Februari 1871 alikaa hapo kwa sababu miguu yake ilikuwa na vidonda visivyokubali kufunga. Aliandika baadaye kwamba akiwa Maniema aliisoma Biblia nzima mara nne. Karatasi zilimwishia, akawa anaandika kwenye kurasa za vitabu na juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa kubahatisha, maandishi ambayo baadaye yalififia hata yakahitaji kupigwa picha kwa mianga maalumu, katika mradi ulioanza kutoa matokeo yake mwaka 2010. Barua moja iliyosomwa kwa njia hiyo aliiandika hapohapo Bambarre, Februari 1871, kwa rafiki yake Horace Waller.

Ninaposema kwamba Kabambare palikuwa na mwandishi aliyefanya mahojiano, namaanisha yeye. Mtu aliyelala kibandani na vidonda hawezi kwenda kuuona mto. Anachoweza ni kuuliza wanaopita. Akauliza wafanyabiashara na wenyeji juu ya mito, milima na chemchemi za kusini, kuelekea Katanga. Hoja aliyokwenda nayo ilikuwa kubwa mno. Aliamini Lualaba ndiyo Naili. Akilini alikuwa na habari ya kale ya Herodotus, ya chemchemi zinazotoka kati ya vilima viwili na kugawa maji yake, nusu kwenda kaskazini na nusu kwenda kusini. Kila aliyemletea habari ya chemchemi alizidisha imani hiyo, na hatimaye akawa na chemchemi nne, mbili za kaskazini na mbili za kusini, kama alivyotaka Mgiriki.

Tunajua leo kwamba Lualaba ni Kongo. Wengi humcheka Livingstone kwa hilo, nami siwafuati. Kinachonishughulisha ni wale waliojibu. Walikuwa watu wazoefu wa njia, na bila shaka walisema kweli waliyoijua. Huko kusini maji yanatoka, mengine yanashuka huku, mengine yanashuka kule. Huo ndio mgawanyiko wa maji ya Zambezi na ya Kongo, na wasafiri wale waliueleza sawasawa. Jibu lilikuwa sahihi. Swali ndilo lililoligeuza kuwa ushahidi wa Naili. Shajara zake zilipochapishwa 1874, mwaka mmoja baada ya kifo chake, zikihaririwa na Waller yuleyule, majibu ya watu hao yalikuwa yamekwisha kuyeyuka ndani ya sentensi za Livingstone. Hatuwasikii wakiulizwa, wala hatusikii walivyojibu kwa Kiswahili. Iliyobaki ni jiografia ya mtu mmoja.

Mfano wa pili unajulikana zaidi katika kitivo chetu, na hapa nitakaa kidogo. Miaka karibu 30 baada ya hapo, kwenye nyumba yake Unguja, Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye dunia inamwita Tippu Tip, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu. Aliandika kwa sababu aliombwa. Aliyemwomba alikuwa Heinrich Brode, Mjerumani wa ubalozi wao Unguja, ambaye aliyahamishia maandishi hayo katika hati za Kirumi, akayatafsiri, na kuyachapisha Berlin mwaka 1902 na 1903 katika jarida la chuo cha lugha za Mashariki. W. H. Whiteley aliyatoa tena Afrika Mashariki miaka ya 1950, pamoja na tafsiri ya Kiingereza, na François Bontinck akatoa tafsiri ya Kifaransa yenye maelezo mengi mwaka 1974. Tippu Tip mwenyewe alifariki Unguja 1905.

Kasongo ilikuwa ngome yake kuanzia miaka ya 1870. Mahali penyewe pa zamani leo panaitwa Tongoni, na msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa kwamba tongo ni mahame. Kabambare ilikuwa kituo cha njia kutoka ziwani kwenda Kasongo na Nyangwe. Majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliichukua Kasongo 1893 na Kabambare mwanzoni mwa 1894. Kwa hiyo Maisha ni kitabu cha kwetu, ukipenda usipende, na Kiswahili tunachosema Maniema kilifika kwa njia hiyohiyo ya misafara anayoisimulia.

Tazama jina ambalo toleo la Whiteley limelibeba: ni maisha ya Tippu Tip "kwa maneno yake mwenyewe". Sina shaka kwamba maneno ni yake. Mtindo ni wa mtu mmoja, mwenye haraka, mwenye kumbukumbu kali ya frasila za pembe na siku za safari. Lakini maneno yake mwenyewe hayamaanishi maswali yake mwenyewe. Brode hamo katika masimulizi. Yamechapwa kama simulizi moja ndefu, utadhani mzee aliamka siku moja akashika kalamu.

Je, tunaweza kumtafuta muulizaji ndani ya matini? Nadhani inawezekana, na hapa ndipo sarufi inapotusaidia kuliko historia. Simulizi la Tippu Tip linaendeshwa na kiambishi -ka-. Nikaenda, nikamkuta, akaniambia, nikamwambia, tukakaa, tukapigana. Kurasa zinapita hivyo. Kisha mnyororo wa -ka- unakatika, na msimulizi anageuka kueleza: desturi ya watu wa mahali fulani, mali gani inapokelewa kwa pembe, jina la mtu limetokana na nini. Msikilizaji wa Unguja wa miaka ile, aliyekulia katika biashara ya bara, hakuhitaji kuelezwa mengi ya hayo. Basi anaelezwa nani? Zoezi ninalolipendekeza kwa darasa lolote ni kuchukua penseli na kutia alama kila -ka- inapokatika, kisha kuandika pambizoni swali ambalo lingeweza kuulizwa hapo. Nimelifanya kwa sehemu ya Utetera, pale anapojipatia usultani wa Kasongo Rushie kwa kudai undugu naye. Alama zilikuwa nyingi kuliko nilivyotarajia, na zilisongamana hasa kwenye mambo ya nasaba na utawala. Siyo uthibitisho, ni usomaji. Lakini ni usomaji unaoweza kubishaniwa kwa kuonyesha mstari.

Kuna mahali pamoja katika Maisha ambapo mahojiano yanatokea wazi. Ni kukutana kwake na Stanley mwaka 1876. Stanley, kwa masimulizi ya Tippu Tip, anamletea bunduki na kumwambia inatoa risasi 15. Mwenzake anataka kujua kama ni kwa mtutu mmoja. Ni mmoja. Basi ipige tuone. Stanley anajivuta, anasema afadhali atoe pesa kuliko kupoteza risasi. Tippu Tip anaamini moyoni kwamba anadanganywa, naye anajibu kwa hadithi yake: huko mto Rumami kuna upinde unaotiwa mishale 20, na ukiachia, yote hutoka pamoja na kuua watu 20. Hapo Stanley anatoka nje na kupiga. Ni sehemu ya kuchekesha, na nimeona wanafunzi wakiisoma kama kichekesho tu. Mimi naisoma kama somo la kuhoji. Mtu anatoa dai, mwenzake anauliza swali la pili, kisha la tatu, kisha anataka ushahidi, na asipoupata anarudisha uongo mkubwa zaidi ili kuona sura ya mwenzake itakuwaje. Brode angemhoji Tippu Tip kama Tippu Tip alivyomhoji Stanley, tungekuwa na kitabu kingine. Hata kiasi cha fedha walichopatana kwa ajili ya kusindikizwa kinapishana. Stanley ameandika dola 5000, Tippu Tip anasema 7000. Mbele ya tofauti kama hiyo mhojaji anaweka kitabu kimoja mezani na kuuliza, "Mwenzako ameandika hivi, wewe unasemaje?"

Na wenyeji? Wabangubangu, Wazimba, Wakusu na wengine wamo kama masultani wa kupatana nao, wapagazi, au maadui. Utumwa unatajwa kama mvua inavyotajwa na msafiri, kwa sababu ulichelewesha au uliharakisha safari. Kitabu kinajibu maswali ya zama zake, yaani njia ziko wapi, pembe ziko wapi, nani mwenye amri, Mzungu gani alipita lini. Hatuwezi kumlaumu mzee kwa kutojibu ambalo hakuulizwa. Tunachoweza kudai ni kwamba maswali aliyoulizwa yangechapishwa mbele ya majibu, ili ukimya wa kitabu uwe na mipaka inayoonekana.

Mfano wa tatu unatupeleka kusini zaidi, Lubumbashi. Uko nje ya Maniema, ila ndio mfano bora nilionao wa kazi iliyofanywa kinyume cha ile ya Brode. Johannes Fabian alifundisha Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, kampasi ya Lubumbashi, kati ya 1972 na 1974. Alikutana na mchoraji kijana aliyekuwa akiuza picha zake nyumba kwa nyumba, Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa mji huohuo mwaka 1947. Tshibumba alijiona mwanahistoria. Alitaka kuchora historia ya nchi nzima, tangu mababu hadi Mobutu, na akaichora, picha takriban 100, huku wakizungumza juu ya kila picha mbele ya kinasasauti, kwa Kiswahili cha Shaba kilichochanganywa na Kifaransa. Kitabu kilitoka 1996, na matini ya Kiswahili ya mazungumzo ikachapishwa baadaye kando, jina la kila msemaji likitangulia maneno yake.

Ukisoma matini hayo unamwona Fabian. Unamwona akiuliza vibaya, akikatizwa, akirudia, akisema "ndiyo" wakati pengine hajaelewa. Hakujisafisha. Kwa sababu hiyo unaweza kumpima Tshibumba vizuri zaidi. Anapomfananisha Lumumba na Yesu, unaweza kurudi nyuma kutazama njia iliyowafikisha hapo, ukaamua mwenyewe wazo limetoka wapi. Na kuna faida nyingine ambayo sisi wa nadharia ya fasihi tumeipuuza. Katika utafiti huo wa Lubumbashi lilijitokeza neno ukumbusho kama jina la kazi ya picha hizo. Picha ni ukumbusho, yaani haikuonyeshi tu jambo la zamani bali inakufanya ulikumbuke na ulifikirie leo. Neno hilo lilitoka kwa wachoraji na wanunuzi wao. Miaka mingi tunalalamika kwamba istilahi za uhakiki tunaziazima Ulaya na kuzivisha kanzu ya Kiswahili. Hii hapa istilahi iliyozaliwa mtaani, ikafika kwetu kwa sababu mtu aliuliza swali la wazi na akaacha jibu katika lugha lilimosemwa.

Nigusie hapo jambo la lugha, maana ndilo linalonigombanisha na baadhi ya wenzangu. Ukimhoji mwandishi wa Maniema, atasema "niko mwalimu" akimaanisha "mimi ni mwalimu". Pwani, "niko" ni ya mahali: niko sokoni, niko nyumbani. Katika Kiswahili cha Kongo inabeba pia kuwa. Mwanafunzi mwenye bidii ya usanifu husahihisha, na akisahihisha anadhani amemfanyia mzee hisani. Juzi nilikuwa na mfano wa hili mkononi mwangu, nami nauleta hapa kwa sababu ndio ulionifanya niandike makala haya.

Karibu na Kabambare mjini yuko mwalimu mstaafu wa shule ya msingi ambaye, tangu alipoacha kazi, ameandika kaye tano za historia ya vijiji vya njia ya Kasongo, kwa Kiswahili, kwa biki ya bluu, pembizo zikiwa nyekundu. Hajachapisha kitu. Jina lake silitoi, kwa ombi lake. Nilizisoma kaye zote tano kwanza, siku nne barazani kwake, kabla sijawasha kinasasauti. Nilipomwita mwandishi alikataa.

"Miye niko mwalimu tu," alisema. "Siko mwandishi."

Sanifisha sentensi hiyo uone unachokipoteza. Mwaka mzima nilikuwa nikiisikia sauti ya Tippu Tip wa Whiteley, ambaye yuko kila mahali anapopataja. Mwalimu wangu alikuwa anasema hayuko mahali ambapo mwandishi huwa. Labda hakukusudia maana zote mbili. Lakini zote mbili zimo katika Kiswahili chake, na si kazi yangu kumfutia moja.

Nilikuwa nimebeba nakala ya kurasa za Maisha zinazohusu nchi yetu. Nilimsomea kwa sauti, naye akafuata kwa kidole. Tulipomaliza alivua miwani.

"Huyu Mjerumani alimuuliza nini?"

Nikamwambia swali halikuchapwa.

"Basi mwanangu, umeniletea barua ya kujibu bila barua yenyewe." Kisha akauliza tena, "Kama aliulizwa njia, akajibu njia. Angeulizwa sisi, angesema nini?"

Swali langu kwake lilikuwa limetoka ndani ya kaye ya tatu. Humo anaeleza kijiji kwa kijiji nani alichukuliwa wakati wa misafara, nani alitoroka, nani alirudi akiwa na dini mpya na jina jipya. Lakini palipotarajiwa majina ya waliouza watu, ameacha nafasi. Si kwamba amesahau; nafasi imepimwa kwa rula. Nikamwuliza, "Mwalimu, katika kaye ya tatu nafasi hizi saba umeziacha kwa nani?"

Alinyamaza muda mrefu. Kisha akaomba kinasasauti kizimwe, nami nikakizima. Aliyoyasema baada ya hapo hayamo humu wala hayatakuwamo popote. Kilipowashwa tena alikubali niandike sababu moja: wajukuu wa waliouza na wajukuu wa waliouzwa wanakaa kijiji kimoja, wameoana, wanazikana. Jina moja likiandikwa, kuna mahari itakayodaiwa irudishwe.

Msomaji mwepesi ataona hapa hoja yangu imegonga mwamba. Nimesema yote yachapishwe, na hapa kuna yasiyochapishika. Sioni mwamba. Ninachodai kichapishwe ni swali, na swali limechapishwa. Nafasi saba zinaonekana, zimehesabiwa, na msomaji anajua ziliulizwa na zikajibiwa kwa sababu, si kwa jina. Ukimya wa Tippu Tip juu ya watu wa Kabambare na ukimya wa Mwalimu juu ya majina saba si ukimya wa aina moja. Wa kwanza hatuujui kama ni wa mwandishi au wa muulizaji. Wa pili una mwenyewe, naye anaweza kuutetea au kuulizwa tena.

Wapo watakaopinga kutoka upande mwingine, kwamba kuchapa maswali kunamfanya mhojaji ajitangaze na kumfunika mwandishi. Hatari hiyo ipo, na mahojiano mengine ya magazetini ni ushahidi tosha, swali mistari kumi na jibu mistari miwili. Dawa yake ni kuuliza kwa ufupi. Kufuta swali si dawa, kwa sababu mhojaji aliyefutwa bado yumo, kama Brode alivyomo pale -ka- inapokatika.

Mwalimu amefanya jambo ambalo sikulifikiria. Siku ya mwisho alifungua kaye ya sita, mpya, akaandika juu ya ukurasa wa kwanza swali langu la nafasi saba, neno kwa neno, na jina langu na tarehe, kwa biki nyekundu. Chini yake akaanza jibu kwa bluu. Alipofika nusu ya ukurasa alisimama, akasema atanifikiria na mengine, nami nikiwa na maswali nimtumie kwa madereva wa pikipiki wanaotoka Kasongo. Nimemtumia manne. La kwanza linahusu neno moja la Kibangubangu ambalo ameliandika kwa namna tatu tofauti katika kaye ya kwanza. Barabara ya upande wa Luama ikikauka nitakwenda kuona ameandika nini.